Kutoka Tabora hadi Ujiji: Kukitazama Kiwanja cha Baba kabla ya Kujenga

Jumatano, 12 Juni 2024. Tabora

Tangu nilipostaafu utumishi wa umma kwa umri wa lazima wa miaka 60, ndugu zangu wa Ujiji hawajaacha kuniuliza ni lini nitarudi nyumbani kujenga. Marehemu baba alituachia kiwanja upande wa chini, kuelekea ziwani, na kwa mtazamo wa kwetu mtoto wa kiume aliyemaliza kazi ya serikali hapaswi kuzeekea ugenini. Lakini mimi nimeishi Tabora muda mrefu kuliko nilivyoishi Ujiji. Maisha yangu yote ya kazi yalipita katika pampu, matangi na mabomba ya mji huu, mke wangu ni Mnyamwezi wa hapa hapa, na watoto wetu wote walizaliwa chini ya miembe ya Tabora. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba mwaka huu tutakwenda Ujiji kwa sikukuu ya Idd el-Hajj, tukae siku za kutosha, mimi nikitazame kiwanja kwa jicho la kazi, naye autazame mji kwa jicho la mtu mwenye shinikizo la damu ambaye kila mwezi anahudhuria kliniki.

Nina sababu ya kutokuwa na haraka. Nimewaona watumishi wenzangu waliopokea kiinua mgongo na kukigeuza mara moja kuwa nyumba kubwa katika vijiji ambavyo hawakuwa wamelala hata wiki mbili mfululizo tangu walipokwenda sekondari. Nyumba hizo ni nzuri, zina vigae na madirisha ya alumini, lakini wenyewe wamerudi mjini kupanga vyumba, ama kwa sababu hospitali iko mbali, ama kisima kimekauka, ama wale waliokuwa wakiwafahamu wameshazikwa wote na waliobaki wanawaona kama wageni wenye fedha. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu, na pensheni ya mwezi haiwezi kusahihisha msingi uliochimbwa mahali pasipofaa.

Mizigo yetu ni asali, karanga na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, aliyoitwanga mke wangu mwenyewe. Amesema hawezi kwenda kwa wifi yake mikono mitupu, hata kama wifi mwenyewe hana desturi ya kula nsansa.

Alhamisi, 13 Juni. Njiani

Treni ilifika Tabora ikiwa imechelewa, na tulipoondoka usiku ulikuwa umekwenda sana. Urambo na Kaliua, ambako njia ya Mpanda hujitenga, tulizipita gizani, nami nilizitambua kwa sauti za wauza chai waliokuwa wakikimbia kando ya mabehewa na birika zao. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa muda wote tangu hapo safari ya kilomita takriban 400 kati ya miji hii miwili imekuwa ni shughuli ya usiku kucha. Vijana siku hizi hupenda basi. Mimi bado naona treni inamfaa mzee, kwa sababu mtu anaweza kusimama, kunyoosha miguu na kwenda msalani bila kumwomba dereva asimame.

Kulipopambazuka tulikuwa tumeshaingia katika bonde la Malagarasi. Maji yalikuwa yametanda pande zote za tuta la reli, kwa maana mvua za masika ya mwaka huu zilikuwa kubwa mno, na mafunjo yalikuwa yamefunika sehemu ambazo miaka mingine ng'ombe hulishwa mwezi kama huu. Ardhioevu hii ya Malagarasi na Muyovozi ndiyo ya kwanza nchini Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, na yeyote aliyefanya kazi ya maji anajua sababu yake. Bonde hili huyapokea mafuriko, huyatuliza, kisha huyaachia polepole yaende ziwani. Mto wenyewe huanzia milima ya mpakani na Burundi, si mbali sana na Ziwa Tanganyika, lakini badala ya kushuka moja kwa moja huzunguka mashariki, ukashuka kusini, ndipo ukageuka magharibi kulitafuta ziwa lile lile.

Nilimweleza mke wangu jambo ambalo limenifurahisha tangu mradi wa maji ya Ziwa Victoria ulipofika mjini kwetu. Zamani Tabora tulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na kiangazi kikikaza tuligawa maji kwa zamu, mtaa huu leo na mtaa ule keshokutwa, huku wananchi wakitulaumu sisi watumishi kana kwamba tuliyaficha. Leo maji yanavutwa kutoka Ihelele mkoani Mwanza, yanapita Solwa na Nzega hadi kwenye matangi yetu. Ina maana kwamba maji ambayo yangeelekea Mto Nile yananywewa Tabora, na yale tunayoyamwaga baada ya kufua yakiingia Mto Igombe huelekea huku huku magharibi, kwenye bonde la Malagarasi na Ziwa Tanganyika, ambalo ni sehemu ya bonde la Mto Kongo. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kwake yeye neema ya mradi ule ni moja: ameacha kuamka saa tisa usiku kukinga ndoo.

Uvinza tulinunua chumvi. Chemchemi za pale zimechemshwa na kutoa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na dada yangu haamini chumvi nyingine yoyote kwa maharage. Baada ya hapo vilima vikaanza, michikichi ikaongezeka, na ziwa likaonekana kwa mara ya kwanza treni iliposhuka kuelekea stesheni ya Kigoma. Mpwa wangu alitupokea kwa bajaji, akainama na kusema, "Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi, mama hajala tangu asubuhi anawangoja."

Ijumaa, 14 Juni. Ujiji

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka minane na ni mjane. Anaishi katika nyumba ya mumewe upande wa juu wa mji, pamoja na mjukuu mmoja anayesoma shule ya msingi. Amepungua. Sauti yake ni ile ile ya kuamrisha, lakini anaposimama hushika kwanza ukingo wa meza, akatulia, ndipo akanyanyuka. Mambo kama haya hayasemwi kwenye simu. Kila Ijumaa nilikuwa nikimpigia na kila mara alijibu kwamba hajambo kabisa.

Baada ya swala ya Ijumaa nilikaa barazani na wazee wa mtaa, na wengi wa wale niliokuwa nikiwatarajia hawapo tena. Waliobaki ni watoto wao, watu wazima wenye mvi, ambao wananiita "mzee wa Tabora" kwa heshima. Redioni walitangaza kwamba treni ya umeme ya reli ya kisasa imeanza leo kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Mazungumzo yote yakahamia huko, kila mmoja akikadiria ni lini reli hiyo itafika Kigoma, kwa kuwa mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulishasainiwa tangu Desemba 2022. Mzee mmoja alisema yeye hataiona. Wengine walimkemea, nami pia nilimkemea, ingawa wakati tunamkemea nilikuwa nikihesabu umri wangu mwenyewe.

Chakula cha usiku kilikuwa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Mgebuka haukuwepo, wala dagaa wabichi, kwa sababu ziwa limefungwa tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Tanzania na nchi nyingine zinazolizunguka zimekubaliana hivyo. Wavuvi wa mtaa wanalalamika, na ninawaelewa, kwa maana mtu anayelala njaa leo hawezi kushibishwa na samaki wa mwakani. Hata hivyo naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Nilipokuwa mtoto, taa za karabai za wavuvi wa dagaa zilijaa ziwani usiku usio na mbalamwezi hata mgeni angedhani ni mji mwingine ng'ambo, na mitumbwi ilirudi alfajiri imezama nusu kwa uzito. Siku hizi vifaa ni bora na samaki ni wachache.

Jumamosi, 15 Juni. Kiwanja

Siku ya leo ndiyo iliyotuleta, na nitaieleza kwa kirefu.

Tulishuka asubuhi, mimi, mpwa wangu na futi kamba ya mita 50. Tulipita kwanza kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871, kwa sababu nilitaka kumwonyesha kijana jambo ambalo waongozaji wa watalii hawalitilii mkazo. Zama hizo ziwa lilikuwa karibu sana na mahali pale, na leo mtu hutembea hatua mamia kadhaa kabla ya kukanyaga maji. Katika miaka ile ziwa lilikuwa likipanda, kwa kuwa mdomo wa Mto Lukuga upande wa Kongo, ambao ndiyo njia pekee ya maji kutoka, ulikuwa umezibwa na udongo na mimea. Karibu mwaka 1878 maji yalipita juu ya kizuizi hicho, yakakizoa, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita 10. Sehemu yote ya chini ya Ujiji, ambayo leo tunaiita mashamba, viwanja na mitaa, ni ardhi ambayo ziwa liliiachia.

Kiwanja cha baba kipo katika sehemu hiyo. Nilikikumbuka kuwa kikavu, chenye miembe miwili na uzio wa minyaa, na kutoka hapo hadi kwenye mitumbwi ilikuwa ni mwendo wa kutosha mtoto kuchoka. Mwembe wa chini umekufa ukiwa umesimama. Shina lake lina mstari wa matope yaliyokauka, juu kidogo ya goti langu, na mizizi yake bado imo ndani ya maji. Tangu mwaka 2020 ziwa limekuwa juu kupita kawaida, na masika ya mwaka huu yameliongeza tena, hata fukwe za Kibirizi na za hapa Ujiji zimeingiliwa na watu wamehama. Jirani wa upande wa kusini, ambaye alijenga kwa matofali ya kuchoma nyumba ya vyumba vinne, ameng'oa milango na mabati na kuziacha kuta zisimame zenyewe.

Tulipima kutoka ukingo wa maji wa leo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa, na kiwanja chetu, ambacho baba alipokinunua kilikuwa mbali na mpaka huo, sasa karibu chote kimo ndani yake. Imebaki pembe ndogo ya juu, panapotosha banda la kuku.

Mpwa wangu, ambaye ana matumaini ya ujana, alisema, "Mjomba, maji yatarudi tu. Tukijaza kifusi na kuinua msingi, nyumba itasimama." Nilimjibu kwamba maji kweli yatarudi, kwa kuwa kila mwaka ziwa hupanda hadi Aprili au Mei na kushuka hadi Oktoba au Novemba, lakini mtu hajengi kwa kufuata maji ya Novemba. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina, na bado sehemu kubwa ya maji yake haitoki kwa mto bali hupotea kwa mvuke wa jua. Miaka ya mvua nyingi ikifuatana, hakuna mlango wa kutosha wa kuyatoa haraka, nayo hukaa.

Jioni nilimsimulia dada. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama maji yamefika kwenye mwembe wa chini. Nilipomwambia yameupita, alisema, "Basi yamefika pale pale. Miaka ile baada ya Uhuru yalifika hapo, nami nilikuwa msichana mkubwa nikitumwa kuchota. Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Waliokuwa na nyumba kule chini walihama, na yalipokauka wakauza. Baba naye alinunua kwa mmoja wao, kwa bei ya kutupa."

Katika maisha yangu ya kazi nimesoma takwimu za ziwa hili, na najua kwamba lilifika juu sana mwaka 1964 baada ya mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuiunganisha habari hiyo na kiwanja cha baba yangu mwenyewe, na sikuwahi kumuuliza mtu pekee wa familia aliyekuwepo. Baba hakudanganywa, wala hakukosea. Alikuwa kuli wa bandari mwenye watoto wengi, akapata ardhi aliyoimudu. Lakini nimeridhika kwamba hakuna mtoto wala mjukuu wa nyumba yetu atakayechimba msingi pale kwa fedha za pensheni ya mtu.

Jumapili, 16 Juni. Kigoma mjini

Tulikwenda eneo la Mwanga kwa binti yetu ambaye ni mwalimu. Wajukuu walitupokea kwa "shikamoo babu, shikamoo bibi" na kututaka tuwapeleke bandarini. Meli ya Liemba iko pale, haibebi abiria kwa sasa, na niliwasimulia jinsi ilivyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika masanduku takriban 5,000 na kuunganishwa hapa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina inalolibeba hadi leo. Wajukuu walipenda zaidi habari ya kuzamishwa. Mimi nilikumbuka harufu ya sitaha yake siku baba aliponipandisha nikiwa mwanafunzi wa darasa la tatu, dagaa wakavu na mafuta ya mashine.

Jumatatu, 17 Juni. Idd

Swala, kuchinja, kugawa nyama kwa majirani, pilau, wageni hadi usiku. Mke wangu alikaa jikoni na wifi yake kutwa nzima, wakicheka kwa sauti ambayo sijaisikia kwake kwa muda mrefu. Nsansa ya Tabora ilipikwa kwa karanga na kuisha kabla ya pilau.

Jumatano, 19 Juni. Maweni

Leo ilikuwa zamu ya mke wangu. Tulikwenda hospitali ya mkoa ya Maweni, akauliza utaratibu wa kliniki ya shinikizo la damu, siku zake, dawa zinazopatikana na kama kadi yake ya bima inapokelewa. Alijibiwa vizuri na kwa subira. Kutoka kwa dada hadi pale ni safari ya bajaji isiyochosha, jambo ambalo hatukulifikiria tulipokuwa Tabora, ambako tunaishi karibu na hospitali ya Kitete na kwenda kwa miguu. Aliporudi aliniambia kwamba mji unamfaa, maji yanapanda hadi bombani kwa dada siku nyingi za wiki, soko liko karibu, na zaidi ya yote ameona kwamba dada hawezi kuachwa peke yake na mtoto wa shule. Kisha akaongeza, "Ila mimi nyumba yangu ya Tabora siuzi, Baba. Mama yangu amezikwa pale."

Alhamisi, 20 Juni. Kikao

Tulikaa ndugu wote waliopo. Nilieleza habari ya kiwanja bila kuficha kitu, na dada akathibitisha kwa kumbukumbu yake. Kaka zangu wa upande wa baba mdogo hawakupenda, kwa kuwa waliona ni kama nimekataa urithi, na mmoja alisema kwa ukali kwamba mtu asiye na nyumba kwao hana kwao. Dada ndiye aliyemjibu. Alisema kwake yeye ni kwao na kwangu, na kwamba uani kwake pana nafasi ya vyumba viwili, ardhi ya juu, karibu na bomba.

Nilimwomba kwanza afikirie kuja kuishi nasi Tabora. Alikataa kabla sijamaliza sentensi, na nadhani alikuwa sahihi, kwa maana mzee wa miaka 74 ambaye kila anayepita barazani kwake humsalimu kwa jina la mwanawe hawezi kuhamishiwa mtaa ambako atakuwa mama wa nyumba ya nyuma. Basi tumeafikiana kwamba tutajenga vyumba hivyo viwili vya kawaida, kwa bati na bila vigae, na tutakuwa tukiishi Ujiji miezi ya kiangazi na Tabora miezi ya mvua, wakati mke wangu ana shamba lake la karanga. Dada akizidiwa tutakaa mfululizo. Kiwanja cha chini kitapandwa matete na migomba pembe ya juu, na hakitauzwa, kwa sababu sitaki mtu mwingine maskini anunue kwa bei ya kutupa kitu ambacho baba alinunua hivyo.

Jumamosi, 22 Juni. Kurudi

Tumerudi kwa basi, kwa kuwa treni ilikuwa bado na siku kadhaa. Vipande vya vumbi bado vipo, lakini Daraja la Kikwete limeondoa ile adha ya zamani ya kuvuka Malagarasi. Kabla ya kuondoka alfajiri nilipigilia kigingi cha chuma karibu na mwembe uliokufa, nikakichora alama za sentimita, na kumwagiza mpwa wangu akisome kila Ijumaa.

Ijumaa, 28 Juni. Tabora

Mpwa ametuma picha ya kigingi. Maji yamepungua sentimita mbili. Nimemwandikia fundi wa Ujiji anipe bei ya matofali na mabati kwa vyumba viwili, na mke wangu ameshaongea na wifi yake kuhusu upande ambao mlango utaelekea. Dada anataka utazame baraza lake, ili akiita usiku asikike.